Kabla Hujageuza Usukani

Gashoho, Jumapili alasiri

Konsolata mwanangu,

Mama yako anakaanga karanga za safari yako, wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na Mama Zawadi amejilaza mkekani kwenye kivuli cha pikapu yake, kitenge usoni. Magunia ya maharage yameshapakiwa. Kilichobaki kupakiwa ni wewe. Nimekaa kibandani kwangu katikati ya matairi, na karatasi hizi nimezichana kwenye daftari langu la kila siku. Unanijua: tangu tukiwa Kigoma sijawahi kuchana karatasi ya daftari hilo, hata siku ile ya mvua mama yako alipokosa cha kuwashia moto akaniomba ukurasa mmoja tu. Leo nimechana.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu tangu Alhamisi. Kila nikianza, mdomo wangu unakimbilia hadithi ya ndizi, nanyi mnacheka, nami nacheka pamoja nanyi, na jambo lenyewe linabaki ndani. Halafu nyumba yetu ni ndogo, na Mama Zawadi husikia hata akiwa amelala. Kwa hiyo nakuandikia. Nitaiweka barua hii juu ya mfuko wako. Isome leo, kabla hujalala, maana mwisho wake unahusu kesho asubuhi.

Mambo ya mafuta, maji ya rejeta na gurudumu la akiba sitayaandika. Hayo unayajua kuliko mwenye gari.

Turudi Alhamisi. Ulikuwa unaendesha, Mama Zawadi katikati, mimi dirishani upande wa kushoto, tunatoka bondeni na magunia ya kwanza. Njia ile ya udongo haina kulia wala kushoto. Gari hupita katikati na migomba inakwaruza pande zote mbili. Kwenye kona akatokea bwana mmoja na baiskeli, jerikani mbili za mafuta ya mawese zimefungwa nyuma. Yeye akakimbilia kulia kwake. Wewe ukakimbilia kushoto kwako. Chora kwa kidole mezani kama huoni ninachosema: kulia kwake na kushoto kwako ni migomba ileile. Akaitupa baiskeli, akaruka. Wewe ukakanyaga breki hadi paji la uso la Mama Zawadi likagusa kioo. Jerikani moja ikapasuka.

Bwana yule akainuka na majani ya mgomba begani, akasema, "We dada, yaani unanifuata mpaka shambani kwa watu?"

Mama Zawadi akatoa kichwa juu ya magoti yangu. "Pole, papa, pole! Mguu iko muzima? Mukono iko muzima? Basi, Mungu iko. Mafuta nitakulipa, usilie."

"Silii, mama. Ni mawese yameniingia jichoni."

Ukacheka, mwanangu. Ukanigeukia: "Baba, njia yenyewe ni nyembamba."

Nikasema, "Kweli, ni nyembamba."

Tukaendelea. Njia ilikuwa nyembamba, hukusema uongo. Lakini njia nyembamba haimwambii mtu aende wapi. Kila mtu hutoa upande wake moyoni. Yule bwana alizaliwa Gashoho, ambako magari hupita kulia, akatoa kulia. Wewe ulijifunza baiskeli Kigoma, kwenye baiskeli yangu, miguu yako ikiwa haifiki kanyagio, mimi nakimbia nyuma nikipiga kelele, "Kushoto, Konso! Kaa kushoto!" Ni mimi niliyekuwekea kushoto mwilini. Usiku wa Alhamisi niliandika kwenye daftari tarehe na neno moja tu, kushoto, nikashindwa kuendelea.

Sasa usikie kilichonielemea tangu siku hiyo.

Mama Zawadi alipokuona sokoni ukiirudisha nyuma pikapu yake kati ya vikapu vya dagaa bila kugusa hata kimoja, alinijia hapa kibandani. "Papa Konso," akasema, "mi nilishachoka na mashofere wanaume. Wanakunywa mafuta yangu, halafu wanakunywa na bia, halafu wanasema ni barabara iko mubaya. Huyu mutoto wako iko na perimi ya kuendesha, iko na akili. Mi naenda naye Gitega. Analala kwa shangazi yake kule Yoba, anakula kwangu." Nilifurahi hadi nikamzibia tairi bure.

Neno moja kutoka kwangu linaweza kuyavunja hayo yote. Nikimwamsha sasa hivi nikamwambia, "Mama Zawadi, mtoto huyu akishtuka huenda kushoto," atanishukuru, atatafuta dereva mwingine Muyinga, na kesho utabaki hapa pamoja nami.

Na hapa ni wapi? Nyuma yetu kuna ua wa minyaa wa ndugu zetu waliobaki wakati sisi tunakimbilia Tanzania. Tuliporudi tulikuta shamba la babu yako lina watu, nao hawakuwa wezi. Wamezaliwa pale kama mimi nilivyozaliwa pale. Wazee wa kilima wakakaa, wakapima kwa kamba, sisi tukapewa ukanda huu kati ya minyaa na barabara. Nilishukuru. Bado nashukuru. Lakini shukrani haipanui shamba. Mama yako akitupa mbegu kwa nguvu zinaangukia kwa watu. Nyuma ni ua, mbele ni malori yanayotoka mpakani Kobero usiku na mchana, nasi katikati kama barua ndani ya bahasha. Nimekuona jioni ukisimama mlangoni ukiyaangalia malori yale. Nilijua unawaza nini, kwa sababu na mimi niliwahi kusimama hivyo.

Nikisema usiende, nakufungia humu. Nikisema nenda, nakupeleka kwenye barabara na mkono niliouharibu mwenyewe. Tangu Alhamisi nazunguka kati ya hayo mawili na sioni mlango.

Kwa hiyo nikueleze ile sehemu ya hadithi ya ndizi ambayo huwa naipita haraka.

Unajua kwamba baada ya kurudi nilikwenda Gitega nikaendesha pikipiki ya kubeba abiria, nikilala kwa shangazi yako Yoba. Tulikuwa kundi la watu tuliorudi kutoka Tanzania kwenye kituo chetu cha pikipiki, na wenyeji walituita Watanzania, ingawa majina yetu yote ni ya Kirundi na wengine tuna bibi waliozikwa umbali wa kutembea kwa mguu. Sote tulikuwa na tatizo moja. Kule upande ni kushoto, huku ni kulia. Basi mmoja wetu alianzisha desturi: unafunga kipande cha kitenge kwenye mpini wa kulia wa pikipiki. Jicho likishuka kidogo linakiona, mkono unakumbuka. Tukafunga sote. Nakuambia, kilisaidia kuliko mafundisho yoyote niliyowahi kupewa.

Wenyeji walicheka. "Angalia Watanzania na hirizi zao!" Abiria mmoja, mama mnene mwenye kuku wawili, alikataa kupanda pikipiki yangu. "Sipandi kitu chenye dawa," akasema. "Kuku wangu wataacha kutaga." Kituo kizima kilicheka, na mimi nilicheka, lakini usoni niliona moto. Nilikuwa mtu wa kidato cha nne, nimefundisha watoto kambini, na sasa nachekwa kwa kitambaa.

Miezi ikapita. Sikukosea hata mara moja. Kijana mmoja wa kituoni, mzaliwa wa pale pale mjini, akanipiga begani siku moja. "Mwalimu, bado unavaa hirizi? Mkono si umeshajua?"

"Umeshajua," nikasema. Nikakifungua kitambaa mbele yake, nikafuta nacho vumbi kwenye taa, nikakitupa.

Hapo ndipo nilipoanguka, Konsolata. Zilipita wiki kadhaa kabla mwili haujaufuata moyo kwenye mtaro, lakini kuanguka kulikuwa pale, mbele ya kituo, nikifuta taa ili kijana aone kwamba mimi si mgeni.

Asubuhi yenyewe ilikuwa nzuri. Hilo huwa silisemi. Watu wakisikia ajali wanafikiri mvua, giza, ulevi, mbio. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekunywa uji wa shangazi yako, pikipiki ilikuwa imetengenezwa, na barabara ilikuwa tupu kabisa. Nilitoka langoni, nikageuka kushoto kuelekea mjini, na badala ya kuvuka kwenda upande wa ng'ambo, nikabaki upande uleule wa lango. Kushoto. Nikaenda nikiimba. Hakuna kitu mwilini mwangu kilichoniambia umekosea, kwa maana mwili wangu wote ulikuwa nyumbani, Kigoma, nami nina miaka kumi na tisa.

Barabara yenye watu hukukumbusha. Ukiona gari mbele yako unalifuata, ukiona wengine wanakuja unajua kwao ni wapi na kwako ni wapi. Miezi ile yote niliyojisifu, sikuwa nimejifunza lolote. Nilikuwa nafuata migongo ya watu. Barabara tupu ndiyo inayomwacha mtu peke yake na mazoea yake. Wewe utaogopa soko la Gitega, utaogopa malori, utaogopa kona za Karusi. Ogopa, ni vizuri. Lakini mimi naogopa asubuhi nzuri isiyo na mtu, nawe umeshiba.

Kwenye kona akaja Reveriano. Ndiyo, yule wa ndizi. Kijana wa Gishubi, wa umri wako wa sasa, anashuka mlima na mikungu sita ya ndizi imefungwa kwenye baiskeli hadi yeye mwenyewe haonekani, inaonekana migomba inayokuja yenyewe. Alikuwa upande wake. Mimi nilikuwa upande wake pia. Akakimbilia ukingo wa kulia kwake. Mimi, kwa hofu, nikakimbilia ukingo wa kushoto kwangu. Kila mmoja alikimbilia usalama wake, na usalama wetu ulikuwa mtaro mmoja.

Hapa ndipo huwa mnacheka, kwa sababu huwa naanza kuiga sauti yake. Tulikuwa chini, pikipiki juu ya mguu wangu, baiskeli juu ya bega lake, ndizi juu yetu sote. Kisha nikasikia kwa Kirundi, karibu na sikio langu, "Mzee, uko hai?"

"Niko hai. Wewe?"

"Sijui. Hebu niangalizie ndizi. Zimepondeka?"

"Zingine ziko mdomoni mwangu."

"Basi zilipe."

Ndiyo, alisema hivyo, na ndiyo, tulicheka, tumelala pale. Lakini sijawahi kuwaambia kilichofuata. Baada ya kucheka akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "Mbona ulinifuata? Mimi nilikukimbia, mbona ulinifuata?"

Nilikuwa nimekwama. Mguu ulikuwa chini ya injini ya moto, na sikuweza kugeuza hata shingo nimwone usoni. Ilinibidi nilale pale na swali lile mpaka watu walipofika, na walichelewa, kwa sababu barabara ilikuwa tupu. Ningejibu nini? Kwamba nilikuwa na kitambaa nikakitupa kwa sababu ya mama mwenye kuku?

Unanijua na fimbo, kwa hiyo la mguu sihitaji kulieleza. Bega lake je? Liliunga, lakini mkono wa kulia haukupanda tena juu ya kifua. Wewe umeona wabeba ndizi wanavyopanda milima: wanangoja lori, wanalishika nyuma kwa mkono mmoja, linawavuta hadi juu. Ni hatari, askari wanawakataza, nao wanashika, kwa sababu mlima ni mrefu na mikungu ni mizito. Reveriano hakuweza tena kushika lori. Mtu asiyeweza kushika lori anasukuma baiskeli kwa miguu, na anayesukuma kwa miguu anafika soko limeshakwisha.

Nilipoweza kusimama, shangazi yako alinipeleka Gishubi na kibuyu cha pombe ya ndizi, kama desturi inavyotaka, kuomba radhi. Mama yake Reveriano alitupokea vizuri. Alituwekea vigoda, akaleta mirija. Aliinama akanywa yeye wa kwanza, kuonyesha kwamba amekubali, kisha akanipa mimi mrija wake mwenyewe. Nikanywa. Halafu akauliza, si kwa hasira, akiangalia baiskeli iliyoegemezwa ukutani, "Tumesameheana. Sasa ndizi atazibeba nani?"

Nimelisikia swali hilo katika kila lori linalopita mbele ya kibanda hiki. Msamaha nilipewa na kibuyu kikaisha, lakini baiskeli ilibaki ukutani. Ndiyo maana sipendi kukuambia uwe mwangalifu usije ukafa. Kijana hasikii neno kufa, mimi sikulisikia. Nakuambia uwe mwangalifu kwa sababu unaweza kubaki hai. Unaweza kubaki hai miaka mingi, umekaa kwenye kigoda cha mama wa mtu, umeshika mrija wake.

Na kwa ajili yake nakuomba kitu kimoja kwenye milima. Kabla hujapanda, na kabla hujaondoka baada ya kusimama mlimani, angalia vioo. Wapo vijana wameshika nyuma ya gari lako. Mama Zawadi atakuambia uwatikise waachie, nimemsikia akisema, "Hao ni kama kupe, endesha tu." Usiwatikise. Punguza, piga honi, waachie wenyewe. Mama Zawadi ana moyo mzuri na haraka mbaya. Akikuharakisha mwambie, "Mama, maharage hayaozi." Atacheka. Mtu akicheka hukupa muda.

Sasa nije kwenye yale matairi ya juzi na jana, maana umenikasirikia kwa ajili yake.

Ijumaa na jana nilikaa juu ya kile kilima kidogo cha njia ya shule, nikawa nateremsha matairi mabovu katikati ya njia, wewe unakuja na pikapu. Ulifikiri nimechanganyikiwa. Jirani yetu aliita kutoka juu ya ua, "Baba Konso! Unamfundisha binti kupigana na matairi?" Nikamjibu, "Namfundisha kuyapisha." Tairi la kwanza ulikwenda kushoto. La pili kushoto. Ukashuka, ukafunga mlango kwa nguvu, ukasema, "Baba, niambie unataka nini!" Nikakuambia nataka kulia. Baada ya hapo ulikwenda kulia kila mara, kila tairi, mpaka giza. Mama Zawadi alipiga makofi.

Mimi sikupiga, nawe ukaniona. Sikuwa nakunyima sifa. Ulikuwa unalingojea tairi, mwanangu. Mkono unaongojea hauniogopeshi. Naogopa mkono ambao haungojei kitu.

Jua limeshuka kidogo. Mama Zawadi ameamka, anamwambia mama yako kwamba karanga za Gashoho ni ndogo kuliko za kwao Uvira lakini zina moyo. Ndiyo huu wakati wa kumwita nikamwambia. Nimesimama mara moja, nikakaa tena.

Sitamwambia. Lakini usifikiri nimekupa ruhusa ya kunyamaza. Nimekuachia wewe useme. Mwambie mwenyewe, kabla hamjafika Muyinga, kwamba ulilelewa kushoto, kwamba Alhamisi haikuwa njia nyembamba. Mimi nilikuwa mtu mzima nikashindwa kusema mbele ya kituo, "Ndiyo, bado nakihitaji kitambaa." Ukisema atakuwa jicho lako la pili, atakupigia kelele "Kulia, Konso!" hata kama hakuna sababu, na hiyo ndiyo kelele nzuri kuliko wimbo wowote utakaousikia ndani ya gari. Akisema kwa hiyo hakutaki tena, basi rudi. Ukanda ni mwembamba, lakini mlango upo.

Sasa kesho.

Kuna jambo ambalo nyumba nzima inalijua na hakuna anayelitaja. Tangu ajali sijavuka barabara hii peke yangu. Kanisa liko ng'ambo, bomba liko ng'ambo, rafiki zangu wa zamani wanacheza bao ng'ambo. Jumapili wewe hunishika mkono, tunavuka, tunajifanya unanishika kwa sababu ya mguu. Siku nyingine nakaa hapa. Nyuma minyaa, mbele lami. Mtu ananiita kutoka upande ule, "Mwalimu, njoo!" nami nainua nyundo kuonyesha nina kazi, hata kama sina.

Lango letu liko upande wa kushoto kwa mtu anayekwenda Muyinga. Kesho alfajiri ukitoka utageuka kushoto, kama mimi nilivyogeuka Yoba. Barabara itakuwa tupu saa hiyo. Upande wa karibu utakuita. Utakuwa na usingizi kidogo, machozi kidogo ya mama yako begani, na usukani wa gari lile uko kulia kama magari ya Tanzania, kwa hiyo kila kitu mwilini mwako kitakuambia kaa hapa, hapa ndipo.

Mimi sitakuwa langoni. Usinitafute langoni kuniaga. Nitakuwa nimeshavuka. Nitakuwa nimesimama ng'ambo, ukingoni, upande wa kulia, na fimbo mkono mmoja, na mkono mwingine nimeshika kipande cha kitenge cha mama yako, kile cha njano alichokivaa siku tuliporudi. Amenikatia mwenyewe, hakuuliza cha nini. Vuka, uje upande wako, taratibu. Usukani ukiwa kulia, dirisha lako litapita karibu nami kiasi kwamba hutahitaji kusimama. Nyoosha mkono, kichukue. Kifunge kwenye usukani upande wa kulia. Watu wa Gitega wakicheka, waambie ni hirizi ya baba.

Ukijikuta umebaki upande wa karibu, barabara nzima itakuwa kati yetu na kitambaa kitabaki mkononi mwangu. Zima gari. Shuka. Mpe Mama Zawadi ufunguo mbele yangu, nami nitakushika mkono turudi ndani pamoja, na hakuna atakayetamka neno aibu katika nyumba hii.

Najua utakuwa umeisoma barua hii, kwa hiyo kesho utakuwa unangojea. Kesho utavuka vizuri. Si kesho ninayoitaka. Nazitaka asubuhi zile nyingine, za Yoba, lango la shangazi yako, uji tumboni, barabara tupu, na mimi niko mbali naziba matairi ya watu. Kila utakapotoka lango lolote, kabla hujageuza usukani, jiulize tu: Baba amesimama wapi?

Niko ng'ambo, Konso. Vuka kwanza.

Baba yako